Naomba ushauri: tipa linafaulu uzito wa jumla, ekseli za nyuma zinazidi

Habari zenu wakuu. Nina tipa la ekseli tatu (yaani mihimili mitatu ya magurudumu) linalobeba mchanga na kokoto kwenye kazi ya ujenzi. Juzi kwenye mizani uzito wa jumla ulikuwa ndani ya kiwango, ila ekseli za nyuma zilizidi. Faini nimelipa, na dereva wangu alishinda pale juani hadi jioni, jambo lililoniuma zaidi.

Mchanga ulikuwa umenyeshewa. Mita moja ya ujazo ikiwa kavu ina kama kilo 1,600. Ikilowa hukaribia 2,000. Kwa bodi ya mita 8 za ujazo, hizo ni tani tatu zaidi bila kuongeza hata koleo moja!

Sheria yenyewe siipingi. Uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, barabara huumia karibu mara 16.

Nimejaribu kupunguza mzigo na kuurundika mbele ya bodi, lakini kwenye vilima unaporomoka nyuma tena. Machimboni hakuna mizani.

Mnaofanya kazi hii, mnakadiriaje uzito wa kila ekseli kabla ya kuondoka machimboni? Na je, vipima uzito vinavyofungwa kwenye springi vinaaminika kwa tipa linalopita njia mbovu kila siku?