Vyura wa maeneo makame: mvua ya kwanza ikipiga, kwako inakuwaje? Tupeane uzoefu

Mchanga Moto: Wakuu, jana Dodoma imenyesha kwa mara ya kwanza msimu huu. Kiangazi chote huoni chura, usiku uleule dimbwi la nyuma ya nyumba halilaliki. Leteni visa.

Fundi Sururu: Umenikumbusha mbali. Kiangazi, tunachimba shimo la choo Chamwino, sururu ikaibua bonge limevikwa ngozi kavu nyembamba kama nailoni, limeacha matundu ya pua tu. Saidia fundi akasema huo uchawi, akatoka shimoni moja kwa moja. Mimi nikalimwagia maji. Baadaye ile nailoni ikalegea, miguu ikachomoza, likaanza kuila ngozi yake lenyewe! Nikanyoosha kidole. Kumbe taya la chini lina vimeno. Liling'ata likaning'inia, nikalia mbele ya mama mwenye nyumba. Kovu ninalo.

BintiWajir: 😂😂 Wanang'ata kweli.

Kijiti: Hao wanadondoka na mvua. Bibi alituambia.

Ticha: Hawadondoki popote. Wanajifukia kinyumenyume kwa miguu ya nyuma, maji wameyaweka akiba kwenye kibofu.

Kijiti: Bibi hakusoma ila mvua aliijua kuliko hao wa redioni.

BintiWajir: Kwetu wapo wasiojifukia. Wanashinda mtini juani, weupe pe. Mayai wanayaacha ndani ya povu tawini, viluwiluwi wakiwa tayari wanadondokea majini.

Kijiti: Si nilisema wanadondoka!

Mama Tucson: Huku Arizona, Julai, mvua za radi, mbwa wetu alimdaka chura mkubwa wa jangwa la Sonora. Mara mate yanachuruzika, ufizi mwekundu, anatetemeka, hasimami. Jirani anapiga kelele, "Mpira wa maji!" Tukamsuuza mdomo, maji yatokee pembeni yasiingie kooni, mbio kwa daktari wa mifugo.

Kijiti: Mngempa maziwa, yanakata sumu.

Ticha: Maziwa ya nini? Hospitali.

Fundi Sururu: Fugeni paka.

BintiWajir: Pole dada. Alipona?

Mchanga Moto: Tumehamia kwa mbwa sasa. Dimbwi likikauka mapema, viluwiluwi inakuwaje?

Mama Tucson: Alipona. Huku kuna vyura wadogo wenye kijijembe kisiginoni, ngurumo tu inawatoa ardhini. Viluwiluwi wao hata siku 8 wanatosha kuwa vyura. Wakichelewa, jua linawamaliza.

Ticha: Yule wa Fundi ana ndugu zake Afrika Kusini, dume linachimba mfereji kuwavusha watoto waende dimbwi kubwa.

BintiWajir: Na kuna wanaume hawalipi hata ada.

Ticha: Usilisifie sana. Haohao watoto, wengine linawala.