Mrejesho: Ngazi ya vidato vya kupishana imekamilika

Wakuu, salaam. Mwezi wa pili niliuliza nitapandaje chumba cha darini wakati nafasi iliyobaki sebuleni ni mita moja na nusu tu. Mlinishauri vidato vya kupishana: kila kidato kipana upande wa mguu mmoja, kimekatwa upande wa pili. Asanteni sana, imekubali.

Kutoka sakafu hadi juu ni sentimita 264. Tumegawa mara 12, kila mwinuko sentimita 22, na kila kidato kinasogea mbele 12. Vidato ni 11, maana mwinuko wa mwisho unatua kwenye sakafu ya juu, hivyo ngazi nzima imekula sentimita 132; ya kawaida ingepita mita tatu. Kwa kuwa kila mguu unaruka kidato cha mwenzake, unyayo unapata sentimita 24 za kukanyaga.

Fundi wa kwanza alinitia hasara. Alipima kabla ya vigae, mwinuko wa chini ukapungua sentimita mbili. Mguu ukishazoea mdundo, tofauti hiyo inakuangusha. Mimi niliponea kwenye mkono wa ngazi. Tukabomoa, tukapima upya juu ya vigae. Mikono ya kushikilia wekeni pande zote mbili, msibanie hapo.

Kupanda tunaanza na mguu wa kushoto. Kushuka, ukitazama mbele, ni wa kulia, kwa hiyo nimechora unyayo mweupe pale juu. Watoto walizoea siku moja. Mama goti linamsumbua, hapandi, nami simruhusu. Kitanda chake kiko chini.