Mende kwenye mswaki: niuweke wapi?

Mama Zai, Mtwara
Wadau hodi humu. Nimepanga Magomeni, bafu la pamoja uani. Miswaki yetu mitano ilikuwa kwenye kopo la maziwa, juu ya ukuta wa bafu. Juzi usiku namulika tochi ya simu, nakuta mende kajilaza kwenye nyuzi za mswaki wangu, sharubu zinacheza. Nikaitupa yote. Nimenunua mipya yenye vifuniko, siku ya tatu nafungua, uvundo! Mama mkwe akasema nichemshe kama chuchu za mtoto. Nimechemsha, wa Zai umepinda kama mkia wa nge. Nifanyeje jamani?

Mvuvi wa Mikindani
Pole dada. Mchawi wako ni hicho kifuniko. Mswaki mbichi ukiufunika, kwa joto letu hili la pwani, vijidudu unavifuga mwenyewe. Wangu unakaa chumbani karibu na dirisha, mbali na choo.

Tabibu wa meno, Lindi
Mvuvi kasema kweli. Dada, mswaki hauwi safi kama sindano, maana vinywani mwa watu zimetambuliwa aina kama 700 za bakteria, na wengi wao hawana neno. Ukimaliza kupiga mswaki, suuza kwa maji safi mpaka povu liishe, kung'uta, usimamishe kichwa juu ukauke. Kuchemsha acha. Badilisha kila miezi 3 au 4, au mapema nyuzi zikitawanyika. Hapo uvundo hautoki tena.
Ila mimi mende hanitishi sana. Hiyo mitano, kila mtu anaujua wake? Maana mke na mume wakichangia mswaki mmoja, na fizi zikitoka damu, homa ya ini B inaweza kupitia hapo hapo. Na kwenye kopo, vichwa visigusane.

Babu Korosho, Newala
Mie natafuna mswaki wa mti. Kesho nakata ncha, naanza upya. Mende aje atafute nini?

Mama Zai, Mtwara
Babu umenichekesha. Tabibu, umenishika pabaya. Nimemuuliza baba Zai wake upi, kanijibu, "Si wa bluu?" Ya bluu ipo miwili, na mmoja ni wangu! Nimeufunga wangu uzi mwekundu wa cherehani. Kaniuliza kama ni hirizi.