Tupeane uzoefu: mvua ilipobadilika, wewe ulibadilisha nini shambani?

Mwanzilishi: Ndugu wakulima, jana nilipita Kongwa, huku Dodoma, nikaona mahindi yamenyauka yakiwa ndiyo kwanza yametoa mbelewele, nikakumbuka mengi. Karibuni.

Binti wa Chamwino: Msimu wa 2005/06 sitausahau. Baba aliamini kwamba mvua imezuiwa kwa sababu matambiko yameachwa, kwa hiyo hakuona sababu ya kubadili mbegu kwa jambo ambalo kwake halikuwa la mbegu. Tulipanda mahindi mara tatu; mara ya mwisho tulipanda yale ya chakula, ambayo mama alikuwa ameyaficha, nayo yakaungua kwa jua kabla hayajafika magotini. Hatukuvuna hata debe moja, mbuzi wakauzwa wote. Msimu uliofuata mama alipanda uwele kwenye kipande chake bila kumwomba mtu ruhusa, na ndio tuliokula.

Mgogo halisi: Dada, usiyadharau matambiko. Zamani yalifanyika na mvua ilinyesha.

Binti wa Chamwino: Sijayadharau, kaka. Nimesimulia njaa.

Wa Manyoni: Kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

Mzee wa Mpwapwa: Mimi naamini chanzo cha mvua kubadilika ni mkaa wetu wenyewe, ingawa kijana wangu husema moshi wa viwanda vya mbali ndio mkubwa zaidi. Kwa imani hiyo nilianza kisiki hai: kwenye visiki vya miti iliyokatwa nachagua machipukizi machache yenye nguvu, napogoa mengine na kufunga kitambaa cha alama ili yasikatwe. Walionicheka sasa wanakuja kuomba kuni.

Jembe la mkono: Shikamoo mzee. Kivuli ni kizuri, lakini ukame wa Februari hauondolewi na kisiki. Chimbeni matuta funge, yaani matuta yenye vizuizi vidogo vya udongo katikati, ili maji yabaki shambani.

Aliyechoka: Mnausifu uwele na mtama kana kwamba hamjawahi kuamka alfajiri kufukuza kwelea kwelea. Mimi nilirudi kwenye mahindi.

Wa Manyoni: Ulipanda mtama peke yako, ndege wa kijiji kizima wakahamia kwako!

Mwanzilishi: Je, nipande kabla ya mvua, au nisubiri?

Mzee wa Mpwapwa: Subiri ardhi ilowe.

Jembe la mkono: Usisubiri. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha panda nusu kwenye udongo mkavu.

Binti wa Chamwino: Na nusu ya pili mwachie mkeo, usimuulize anapanda nini.