Tupo Oklahoma, nyumba haina chumba cha chini ya ardhi: tonado ikija tujifiche wapi?

Mpangaji_OK
Habari wakuu. Nyumba ni ya kupanga, haina ghorofa, imekaa juu ya sakafu ya zege. Watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Tukae chumba gani? Tufungue madirisha? Au tuwahi gari tukimbie? King'ora cha mji kikilia usiku wa manane kitatuamsha kweli?

FundiPaa
Mkuu, madirisha yaache yalivyo. Ile habari kwamba nyumba hupasuka kwa tofauti ya mgandamizo wa hewa si kweli. Upepo ukishaingia ndani hulisukuma paa kutoka chini huku wa juu ukilivuta; paa likiondoka, kuta hazina tena cha kuzishika. Penye udhaifu mkubwa ni mlango wa gereji, mpana na mwepesi. Mwombe mwenye nyumba auongezee mihimili ya kuukaza. Milango ya ndani yote ifungwe.

Jificheni bafuni au stoo ya katikati isiyo na dirisha, kuta nyingi iwezekanavyo kati yenu na nje. Kinachoua zaidi ni vitu vinavyorushwa: mbao, matofali, vioo. Kwa hiyo kila mtu avae helmeti, hata ya baiskeli. Mtoto mchanga mfungeni mikanda kwenye kiti chake cha gari, kiti kiingie ndani ya beseni la kuogea, godoro juu yenu. Viatu vigumu miguuni TANGU MWANZO, maana mkitoka mtakanyaga misumari. Filimbi mfukoni.

Sikio_Redio
King'ora kimewekwa kwa ajili ya walio nje, msikitegemee mkiwa mmelala. Nunueni redio ya hali ya hewa ya NOAA, shirika la serikali ya Marekani la hali ya hewa na bahari (masafa saba, 162.400 hadi 162.550 MHz), yenye betri za akiba. Ingizeni namba ya tarakimu sita ya kaunti yenu, ili ilie kwa ajili ya kwenu tu. Watu wengi huruka hatua hii, redio inawaamsha kwa kaunti za mbali, wanaizima, na siku yenyewe iko kimya.

Na mtofautishe: *tahadhari* (watch) maana yake hali ya hewa inaruhusu tonado, basi chajini simu, andaeni chumba. *Onyo* (warning) maana yake imeonekana au rada imenasa mzunguko wa upepo. Ingieni papo hapo. Msitoke kuitazama, ikifunikwa na mvua haionekani.

Barabara_Kuu
Gari hapana, onyo likishatoka. El Reno, hapa hapa Oklahoma, 31 Mei 2013, tonado ilitanuka hadi kilomita 4.2 na kubadili mwelekeo. Waliokufa walikuwa ndani ya magari, wakiwemo watafiti wazoefu. Chini ya daraja ndiyo kabisa msijaribu, upepo hubanwa pale ukazidi kasi. Kuondoka kunafaa wakati wa tahadhari tu, na kwa anayeishi nyumba ya magurudumu ni lazima.

Mpangaji_OK
Nashukuru sana. Na vile vyumba vya chuma vya kuweka gereji?

FundiPaa
Vinafaa mno, ila viwe vimefuata vipimo vya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la maafa: upepo wa 400 km/h, na mlango ujaribiwe kwa ubao wa kilo 6.8 uliorushwa kwa 160 km/h. Daini cheti cha mlango wenyewe, kitasa na bawaba zake. Ukuta imara wenye mlango wa kawaida ni hasara. Kisha fundi apime unene wa zege kabla ya kutoboa pa boliti za kukishikilia chumba, sakafu nyembamba boliti hung'oka nayo. Kwa kuwa mmepanga, pateni ruhusa ya maandishi kwanza.

Sikio_Redio
Mkishakiweka, kisajilini kwa zimamoto wa mji ikiwa wana orodha. Kifusi kikiziba mlango, watajua pa kuchimba.