Fundi wa boti asiye na cheti, nimpimeje?

Mwalimu_Karakana (Kigoma):
Wakuu, habari za leo. Nafundisha uchomeleaji kwenye chuo cha ufundi hapa mjini. Tumeagizwa kuandika ni ujuzi gani mkoa unauhitaji na upi haupo. Fomu inauliza kazi, elimu na cheti, basi.

Nimeanzia Ujiji, kwa wajenzi wa boti za mbao. Yupo mzee anayepanga mataruma (mbavu za boti) kwa jicho tu, na chombo chake kinavuka ziwa hadi Kalemie, Kongo, na mzigo. Fomu inamsoma "darasa la nne, hajafikia kiwango". Kijana anayemshikia mbao ana stashahada ya uhasibu; huyo fomu inasema amezidi kiwango. Wote wawili wanaingia kapu moja la wasiolingana na kazi zao. Inaniuma, maana mipango ya mafunzo itatoka humo. Wenzangu mnapimaje?

Takwimu_Tabora:
Mwalimu, fomu yako imefuata uainishaji wa kazi wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa 2008: makundi makubwa 10, makundi madogo ya kazi 436 ukishuka hadi chini, na ngazi za ujuzi 1 hadi 4. Mafundi wako kundi la 7, ngazi ya 2, ambayo kwa elimu hulinganishwa na sekondari. Ndiyo maana mzee kaanguka. Lakini uainishaji huohuo unakubali kwamba ujuzi hupatikana pia kazini. Wapimaji hushika elimu kwa sababu ni rahisi kuihesabu.

Wengine huchukua elimu ya walio wengi katika kazi ileile na kuifanya kipimo. Mzee atapona hapo, ila kama fani nzima ina pengo, hutaliona.

Seremala_Kibirizi:
Shikamoo mwalimu. Mimi nilipitia urasimishaji ujuzi wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, yaani kupimwa ujuzi ulionao tayari. Mpimaji alinitazama nikifanya kazi, hakuanza na shule niliyosoma.

Ivunje kazi vipandevipande: kuchagua mbao, kulaza mkuku (mti wa chini wa boti), kupinda mbao, kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao). Kila kipande mwone akikifanya. Halafu nenda kwa wenye boti, uwaulize ni kazi gani wanaipeleka kwingine. Huku kwetu utasikia injini, na kuziba fibaglasi. Hapo ndipo pengo lilipo, mzee wala hana habari nalo kwa sababu hakuna anayempelekea.

Mwalimu_Karakana:
Marahaba, ahsante sana. Naongeza ukurasa wa vipande vya kazi, na wenye boti nawaendea wiki hii. Sasa huyu kijana wa uhasibu nimweke wapi?

Takwimu_Tabora:
Muulize aliomba kazi zipi za uhasibu na alijibiwa nini. Kama nafasi hazikuwepo, andika ajira hazipo, kwenye safu yake peke yake, usiichanganye na upungufu wa ujuzi. Kama alikataliwa kwa kutojua programu za hesabu za kompyuta, hilo chuo chenu kinaweza kumfundisha.