MJADALA: Maiti izuiwe kwa deni la hospitali? Mimi nasema hapana, ila deni tulijadili pia

Ndugu zangu, hili jambo limenikuta nyumbani kwetu Tanga, ndiyo maana nalileta.

Baba yangu mdogo alifariki usiku wa Jumapili baada ya siku kumi na moja wodini. Alfajiri vijana wakaenda kuchimba kaburi, sisi wengine tukaenda na sanda hospitalini. Dirishani tukapewa karatasi: milioni mbili na laki tatu. Tulikuwa na laki saba. Jibu likawa fupi, mwili hautoki mpaka hesabu ifungwe. Wageni wa Muheza na Lushoto wameshafika, shangazi anapiga simu kila nusu saa kuuliza tunaswali adhuhuri au alasiri, na kaburi liko wazi, wazee wamelifunika kwa mabati. Tulizika Jumatano. Tena kwa zile siku ambazo wao wenyewe walituzuilia mwili, tulitozwa pesa ya mochwari. Hili la mwisho bado linaniuma kuliko yote.

Najua wengi mtasema limeshakwisha, kwa kuwa tarehe 28 Agosti 2025 pale Kawe, akizindua kampeni, Rais Samia aliahidi kwamba ndani ya siku 100 za kwanza hospitali zitapigwa marufuku kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Nimeifurahia ahadi ile kwa moyo wote. Ila tusiishie kwenye marufuku.

Kwanza upande wa haki. Mtu akifa na deni, mdai wake ana njia: anapeleka madai kwa msimamizi wa mirathi, analipwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Kwetu Waislamu mpangilio unajulikana hata na mtoto wa madrasa: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo urithi. Mazishi yanatangulia deni. Hospitali inayoshika mwili imeupindua mpangilio huo, tena inamdai mtu ambaye pengine hakusaini chochote. Mimi sikuwa mdhamini wa baba mdogo. Nilidaiwa kwa sababu nilikuwa nalia.

Jirani zetu Kenya wamelipitia mahakamani. Mwaka 1998 Mahakama Kuu Mombasa, katika kesi dhidi ya Hospitali ya Pandya, ilisema maiti si mali ya mtu, hivyo haiwezi kushikwa kuwa dhamana ya deni. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi akawapa ushindi na fidia kina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, wakiwa hai, kwa kukosa pesa. Pamoja na hukumu hizo, hadi leo Wakenya wanachangishana kukomboa miili ya ndugu zao. Hukumu iliwapa haki, lakini pengo la hesabu za hospitali likabaki pale pale.

Sasa upande wa pili, na naomba tuusikilize bila matusi. Binamu yangu ni muuguzi katika hospitali ya misheni. Aliniambia hivi: dawa alizotumia baba mdogo zimenunuliwa, oksijeni imenunuliwa, daktari wa zamu ana watoto. Akaongeza kwamba familia zikishachukua mwili hazirudi, lakini msibani kwao unakuta turubai tatu, sare za kitenge na ng'ombe kachinjwa. Sikuwa na jibu la haraka, maana nimeyaona kwa macho yangu. Baadaye nikakaa nikafikiri. Pesa ya msiba inatolewa na mtaa mzima, mmoja elfu tano, mwingine kilo ya mchele, na inatoka kwa sababu kuna mazishi. Wenye madirisha ya malipo wanalijua hilo. Wanazuia mwili wakijua kwamba watu ambao hawakuchanga mgonjwa alipokuwa hai watachanga kwa ajili ya maiti. Aibu ya wafiwa imegeuzwa njia ya kukusanya mapato.

Hata hivyo hofu yangu kubwa ni hii. Hospitali ikikatazwa kushika mwili na isipewe fedha mahali pengine, itahamia kwa aliye hai. Itadai pesa mbele kabla ya kumpandisha mgonjwa kitandani. Na huyo atakayerudishwa getini hataonekana kwenye habari yoyote.

Uchangiaji wa gharama ulianza hospitali za umma mwaka 1993, na sera imeweka misamaha kwa watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza. Tatizo ni namna ya kuupata huo msamaha. Baba mdogo alikuwa na miaka 66, alistahili kufikiriwa. Lakini afisa ustawi wa jamii alitaka barua ya mtendaji, na siku hiyo mtendaji alikuwa kwenye kikao wilayani. Msamaha unaotafutwa mtu akishakufa umechelewa. Uandikwe siku ya kulazwa, kitandani pale pale.

Kisha bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ndani yake yumo asiye na uwezo, kwamba agharamiwe. Nyumbani kwa baba mdogo hapakuwa na hata kadi ya CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Alikuwa akisema ataikata baada ya kuuza machungwa. Kwa hiyo sikatai, na sisi tuna lawama yetu.

Ninachopendekeza: mwili utoke siku ile ile. Deni liandikwe kwa jina la marehemu, liende kwenye mirathi. Aliyesaini udhamini kwa hiari alipe kidogo kidogo kwa mkataba. Asiyeacha kitu, deni lake libebwe na mfuko wa hao wasio na uwezo, na hospitali ilipwe kweli, isiishie kupewa barua.

Wenzangu mnaofanya kazi kwenye dirisha la malipo, hasa hospitali za wilaya na za misheni, naomba mnijibu kwa uzoefu: katika madeni ya waliofariki, mnakusanya kiasi gani kwa kushika mwili, na kiasi gani kwa mkataba? Na wanasheria, je, nikienda mahakamani leo kudai ile pesa ya mochwari ya siku tatu, nina kesi?